Namna ya Kulala Mchana Ukitoka Zamu ya Usiku Wakati wa Janga

Saa 10 usiku, mwaka 2021, wimbi la korona aina ya Delta likiwa limeshatufikia, nilivuta kwenye sindano dawa mara mbili ya kipimo alichoandikiwa mgonjwa. Mwenzangu wa zamu, aliyekuwa akinisomea faili, ndiye aliyenishika mkono. Mgonjwa hakudhurika. Nilikaa kwenye benchi la korido nikahesabu saa nilizolala kwa siku tatu: zilikuwa 11. Kazi naijua, nilikuwa na miaka tisa wodini. Nilichokuwa sina ni usingizi.

Tangu Machi 2020, kisa cha kwanza cha korona kilipotangazwa Kenya, kila siku tuliambiwa tunawe mikono, tuvae barakoa, tupumzike. Kunawa tulifundishwa hatua kwa hatua, hadi ncha za vidole. Kupumzika hakuna aliyetufundisha. Kwa hiyo namwandikia muuguzi, afisa wa kliniki, mtu wa maabara, anayepiga deki wodini, yeyote wa hapa Lamu anayetoka kazini jua likichomoza. Usingizi wa mchana hauji wenyewe kama wa usiku. Hupangwa kama rosta, na nyumba nzima lazima iwe kwenye rosta hiyo.

Janga huuharibu zaidi. Mwanzoni mwa 2020 watafiti waliwauliza wahudumu wa afya 1,257 katika hospitali 34 za China zilizokuwa zikipokea wagonjwa wa korona. 34 katika kila mia walikuwa na dalili za kukosa usingizi. Na kinga ya mwili hufuata usingizi. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambapo watu 153 wenye afya walitiwa virusi vya mafua puani, kisha wakaangaliwa. Waliozoea kulala chini ya saa 7 walishikwa na mafua karibu mara tatu zaidi ya waliozoea kulala saa 8 au zaidi. Virusi vile havikuwa vya korona, lakini mwili ulio wazi kwa mafua ndio huo huo tunaouingiza wodini.

1. Andika unavyolala kwa siku saba

Chukua daftari la mtoto la kurasa 32. Kila ukiamka andika: nimepanda kitandani saa ngapi, usingizi ulinichukua baada ya muda gani, niliamka mara ngapi na kwa sababu gani, kahawa ya mwisho niliinywa saa ngapi. Wiki hiyo usibadilishe chochote, wewe andika tu.

Madaktari wana kipimo kilichotungwa Pittsburgh mwaka 1989, chenye alama kuanzia 0 hadi 21. Ukizidi 5 usingizi wako ni mbaya. Ukikipata kijaze. Mimi hata hivyo naliamini daftari zaidi, kwa sababu kipimo kitakwambia unalala vibaya, jambo unalolijua tayari, lakini daftari litakwambia nini kinakuamsha. Nilikuwa na hakika kwamba kinachoniamsha ni hofu ya ugonjwa. Daftari lilionyesha kwamba siku nne katika saba niliamshwa na mtu aliyesimama mlangoni akiniita jina.

2. Kaa kikao na watu wa nyumbani

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na bila hiyo zote zilizobaki ni bure.

Huku kwetu mwanamke aliyelala saa 4 asubuhi husemwa kuwa mvivu. Hakuna anayemwamsha kwa ubaya. Jirani ana kikombe cha sukari cha kuomba, mtoto hajaona kiatu, shangazi amepita kusalimia na itakuwa aibu aondoke bila kumwona mwenye nyumba. Mwaka 2020 watoto nao walikuwa nyumbani kutwa, maana shule zilifungwa Machi na wengi hawakurudi mpaka Januari 2021.

Nilianza na mavyaa, maana nyumba ni yake na neno lake ndilo linalosikilizwa. Nilimsubiri amalize alasiri, nikakaa chini kando ya kiti chake, nikamweleza habari ya ile sindano bila kuficha. Nikamwambia, "Mama, nikilala asubuhi ni sehemu ya kazi. Nisipolala, nitamuumiza mtoto wa mtu." Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi kalale mwanangu. Mlango ni wangu." Tangu siku ile alihamishia ukili wake dakani, kibaraza cha mlango wa mbele, akawa anasuka hapo. Aliyekuja kuniuliza alijibiwa naye.

Katika kikao chako mkubaliane mambo haya, na yawe machache ili yakumbukwe. Saa ni zipi: mimi nilisema saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana. Alama ni ipi: tulitundika leso mlangoni, ikiwa juu hakuna anayebisha. Simu anakaa nayo nani, kwa sababu ukilala nayo utaisikia. Na sababu za kukuamsha ni zipi: kwetu zilikuwa mbili, mtoto ameumia au hospitali inaita. Fundi, mchango wa chama, habari ya msiba wa mbali, zote hungoja saa 7.

Ukiwa umepanga peke yako mitaa ya Wiyoni au Kashmir, zungumza na mwenye nyumba na jirani wa ukuta mmoja. Watu wakijua unauguza wagonjwa wa korona wengine watakukwepa. Limetupata, na liliuma. Sema hata hivyo: atakayekuelewa mmoja anatosha kupunguza redio.

3. Chagua chumba, kisha ukitie giza na ubaridi

Ubongo hupokea mwanga na kuamua kwamba ni mchana. Mwanga huzuia melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia. Kwa hiyo giza ndilo la kwanza, na hapa wazee wetu walishatutangulia. Nyumba ya mawe ya Lamu imejengwa kwa vyumba vinavyofuatana: daka, kiwanda (yaani ua wa ndani), misana (kumbi ndefu), kisha ndani, na kadiri unavyoingia ndivyo mwanga unavyopungua. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari ni ya boriti za mikoko. Kelele za punda na mikokoteni zikifika chumba cha ndani huwa zimekufa njiani. Ukiwa na nyumba ya namna hiyo na unalala chumba cha mbele kwa sababu kina dirisha, hama leo.

Katika nyumba nyingi za zamani chumba cha nyuma kabisa ni nyumba ya kati, palipozaliwa watoto na paliposafishwa maiti. Mwenzangu mmoja alishindwa kulala humo mwaka 2020. Tulikuwa tumewazika watu bila wao kupata kuoshwa na jamaa zao nyumbani, na kila alipofumba macho aliwaza wale waliokoseshwa chumba kile. Sikumwambia ajikaze. Alihamia msana, tukamshonea pazia la khanga tatu zilizopachikwa pamoja. Mahali moyo unapokataa kutulia usipalazimishe.

Kwa nyumba ya mabati kazi ni kubwa zaidi. Kuanzia saa 5 bati hugeuka jiko, hasa msimu wa kaskazi, kati ya Disemba na Machi. Tandaza makuti juu ya bati sehemu ya kitanda, au tengeneza dari ya ndani kwa mikeka, uache nafasi ya hewa katikati. Lala mapema zaidi, saa 2 badala ya saa 3, ili sehemu kubwa ya usingizi imalizike kabla ya joto la adhuhuri. Tundika leso iliyoloweshwa mbele ya feni. Stima ikikatika, itundike penye upepo. Kitanda cha kamba chenye mkeka hupitisha hewa kuliko godoro la sponji. Dirisha lizibe kwa kitambaa kizito cheusi, lakini kiache wazi chini upana wa kiganja.

Chandarua usikitoe kwa kuwa ni mchana. Mbu wa dengue na chikungunya huuma mchana, na Lamu tunaikumbuka chikungunya ya 2004, ilipowapata watu wengi mno kisiwani.

Masikio: feni yenyewe husaidia, mngurumo wake hufunika vishindo vidogo. Pamba ya sikio iwe kubwa, ikae mdomoni mwa sikio tu.

4. Kabla ya kwenda zamu

Siku ya usiku wa kwanza usiende ukiwa macho tangu alfajiri. Lala alasiri kwa muda wa dakika 90, ambazo ni takriban mzunguko mmoja kamili wa usingizi. Mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya makosa kama aliyekunywa pombe kiasi cha asilimia 0.05 katika damu, na aliyeamka saa 11 alfajiri hufikisha saa 17 ikiwa saa 4 usiku, zamu ndiyo kwanza imeanza.

Kula chakula chako kikubwa kabla ya kuingia. Wali wa nazi saa 8 usiku utakulaza kwenye kiti na kukuamsha kitandani.

5. Ndani ya zamu

Kahawa tungu tunaipenda, na usiku wa janga tuliinywa kama maji. Iweke mwanzo wa zamu. Nusu ya kahawa uliyokunywa bado imo damuni saa 5 au 6 baadaye, hivyo ya saa 10 usiku itakuwa inakungoja kitandani. Mimi kikombe cha mwisho ni saa 7 usiku. Chai ya rangi nayo ihesabu. Muguka usiuguse kabisa. Najua vijana wa zamu wanaoutafuna ili wakae macho, na najua hali yao siku ya nne.

Maji ni jambo jingine. Ndani ya vazi la kinga tulikuwa tukijinyima maji ili tusihitaji choo, tukitoka tunakunywa lita nzima kwa pupa. Matokeo yake ni kichwa kuuma na kuamka mara tatu kwenda haja. Kunywa kidogo kidogo kila unapovua vazi, na kabla ya kulala kikombe kimoja tu.

Joto la mwili hushuka hadi chini kabisa kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri, na hapo ndipo makosa huja. Sindano yangu ilikuwa ndani ya muda huo. Kama mko wawili, mpeane dakika 20 za kulala kabla ya saa 9, mmoja baada ya mwingine, msimamizi akijua. Usizidishe 30, kwa sababu ukiamshwa kutoka usingizi mzito akili hubaki nzito kwa muda. Hata baada ya dakika 20, kaa robo saa, nawa uso, ndipo ushike dawa. Na katika saa hizo kila kipimo kisomwe na watu wawili kwa sauti. Ningependa kila msimamizi wa wodi aruhusu hili waziwazi kuliko watu kusinzia kwa kujificha.

6. Njia ya kurudi

Asubuhi jua hutokea upande wa kisiwa cha Manda na kuipiga pwani yetu usoni. Ukipita ukingoni mwa bahari mwili utapata habari kwamba siku imeanza. Pita ndani, njia kuu ya Usita wa Mui na vichochoro vyake, kwenye kivuli cha kuta. Miwani ya jua na ushungi uliovutwa mbele vinasaidia. Salimia, usisimame barazani.

Wanaovuka kwenda bara, Mokowe, na kuendelea hadi miji ya Hindi au Mpeketoni, nawaomba: usiendeshe pikipiki mwenyewe asubuhi hiyo. Lipa boda, au lala nusu saa kabla ya kuondoka.

7. Kutoka mlangoni hadi kitandani

Siku za maambukizi tulioga kabla ya kumgusa mtu yeyote, nguo zikienda moja kwa moja kwenye maji ya sabuni. Utaratibu huo uendeleze hata kwa sababu ya usingizi. Ukioga maji ya uvuguvugu damu husogea kwenye ngozi, ukitoka mwili hupoa, na kupoa huko hukaribisha usingizi. Kisha kula kidogo, uji au hamri moja na mbaazi. Tumbo tupu huamsha, na lililojaa pia.

Kabla ya kulala kuna kazi moja ya dakika tano, na kwangu ndiyo iliyobadilisha mambo baada ya ile ya mlango. Wodini humwachi mgonjwa bila kumkabidhi: unasema jina, hali, dawa iliyotolewa, kilichobaki, na mwenzako anapokea. Fanya hivyo na yaliyo moyoni. Kwenye lile daftari andika yanayokuzunguka: mgonjwa wa kitanda cha dirishani, kikohozi cha mwanangu, mtungi wa oksijeni uliokuwa unaishia. Mbele ya kila moja andika nani anaye sasa hivi. Mgonjwa yuko na wa zamu ya mchana. Mtoto yuko na bibi yake. Mtungi nimeshaupigia simu. Lisilo na mtu liandikie saa utakayoanza kulishughulikia, saa 10 jioni. Funga daftari. Anayesoma adhkari za kulala azisome hapa, polepole, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia.

Kulikuwa na siku ambazo daftari halikutosha. Usiku tuliopoteza wawili, nililala macho makavu hadi adhuhuri. Siku kama hiyo ukiona zimepita kama dakika 20 hujalala, ondoka kitandani. Kaa gizani kwenye mkeka, suka, vuta uradi, usishike simu, usifungue kundi la WhatsApp la kazini. Usingizi ukirudi ndipo urudi kitandani. Ukikaa kitandani kupigana nao, mwili utajifunza kwamba kitanda ni mahali pa vita.

8. Saa nne zisizosogea

Wataalamu wa saa ya mwili wana kitu wanachokiita usingizi wa nanga: angalau saa 4 zinazolalwa wakati ule ule kila siku, hata kama saa nyingine zinahamahama. Mwana wa pwani hahitaji kuelezwa nanga ni nini. Katika juma lote la zamu za usiku, saa zangu 3 hadi 7 hazikusogea. Saa 7 niliamka, nikaswali adhuhuri, nikala kidogo, nikarudi kulala tena saa 8 hadi saa 10, nikainuka kwa alasiri. Jumla saa 6. Hazifiki 7 anazohitaji mtu mzima, lakini ukizilinganisha na zile 11 za siku tatu utaona tofauti.

Ramadhani hubadilisha hesabu kidogo tu. Ile ya 2020 iliangukia mwishoni mwa Aprili hadi Mei, kafyu ikiwa bado kali. Kahawa iwe baada ya kufuturu na si kwenye daku, chumvi ya daku ipunguzwe, na nanga ibaki pale pale.

9. Dawa

Wengi humeza Piriton ili walale. Ni dawa ya mzio, usingizi wake ni athari ya kando, na hukaa mwilini kiasi kwamba unaingia zamu ukiwa nayo bado. Diazepamu, dawa ya kutuliza, ni mbaya zaidi kwa kazi yetu, na mwili huizoea upesi. Ya kabati la wodi usiiguse.

Ukiona unakosa usingizi siku tatu au zaidi kila juma, na hali hiyo imedumu miezi mitatu, huo ni ugonjwa na una tiba. Tiba ya mazungumzo na mazoea ndiyo inayotangulizwa kabla ya vidonge. Usingoje miezi hiyo ikiwa unaota wafu kila siku, au unawaza kwamba ingekuwa nafuu usiamke. Mwambie daktari siku hiyo hiyo, na umwambie mtu mmoja wa nyumbani.

10. Asubuhi ya mapumziko ya kwanza

Zamu za juma zimeisha na unatamani kulala mpaka magharibi. Ukifanya hivyo usiku utakesha. Lala kwa muda wa saa mbili au tatu tu asubuhi hiyo, halafu mwambie anayelinda mlango akuamshe. Safari hii pita pwani, jua likupige usoni, kaa na watoto, kula wali wako. Mchana utakuwa mzito na hasira zitakuwa karibu, kwa hiyo usipange siku hiyo harusi wala ugomvi wa mirathi. Baada ya isha zima taa, lala na wenzako. Leso ishushe mlangoni mpaka rosta nyingine itakapobandikwa.